Ziada na Wenye Haki Nayo

Miongoni mwa maswali ambayo wanadamu wameulizana tangu walipojua kuweka kitu ghalani, ni machache yaliyo mepesi kutamkwa na mazito kujibiwa kama hili la kilichobaki: mtu akisha kutimiza haja zake na kulipa deni zake, kile kinachosalia mkononi ni chake kwa hiari yake, au ni amana ya mwingine ambaye hajatajwa kwa jina? Katika Sura ya Al-Baqara imesimuliwa kwamba watu walimwuliza Mtume watoe nini, naye akaamrishwa kuwajibu kuwa watoe kilichozidi. Na wafasiri tangu zama za kale wamehitilafiana juu ya mpaka wa ziada hiyo, wengine wakisema ni yote yaliyopita haja ya nyumba, wengine wakisema kwamba amri hiyo ilikuja kupewa kipimo chake baadaye na sharia ya zaka. Nataka kulichukua swali hilo hilo na kulipeleka mahali ambapo wengi hawatalitazamia, yaani katika mpira wa Marekani, mchezo wa watu wenye kofia za chuma na mabega yaliyotandikwa sponji. Kwa sababu huko limeandikwa kwa tarakimu na kutiwa sahihi, na mahali ambapo dhamiri imeandikwa kwa tarakimu ni rahisi kuona ilipopotoka.

Msomaji aliyezoea kandanda ya miguu, ambako klabu tajiri humnunua imtakaye na klabu maskini hubakia na asiyetakiwa, hana budi kufahamishwa kwanza kwamba ligi kuu ya mchezo huo, iitwayo NFL, yenye timu 32, imejiwekea kikomo cha mishahara ambacho hakuna timu iruhusiwayo kukivuka. Kikomo hicho kilianza mwaka 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa kila timu, na mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2. Hakikushuka kutoka mbinguni, wala wenye timu hawakukitoa kwa ukarimu. Mwaka 1992, mahakamani Minneapolis, ilionekana kwamba vizuizi walivyowekewa wachezaji wasihame timu zao vilivunja sheria ya ushindani wa biashara, na baada ya hukumu hiyo likaja shauri jingine lililobeba jina la Reggie White, jabali la ulinzi la Philadelphia ambaye pia alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Ndipo mwaka 1993 pande mbili zilipopatana kwamba mchezaji atapata uhuru wa kuhama baada ya kutumikia miaka yake, na badala ya uhuru huo atakubali kwamba jumla ya mishahara ya kila timu iwe na kikomo. White mwenyewe aliutumia uhuru huo mwaka huo huo akaenda Green Bay kwa mkataba wa miaka 4 na dola milioni 17, jambo lililowashangaza watu waliodhani kwamba mchezaji mkubwa hawezi kuuchagua mji mdogo na wenye baridi kali kiasi hicho.

Nimeyataja hayo kwa sababu asili ya kitu huonyesha mwenye haki nacho. Kikomo cha mishahara si mali ya timu. Ni fungu la wachezaji katika pato la pamoja, fungu ambalo kwa mapatano ya mwaka 2020 halipungui asilimia 48 ya pato la ligi, likagawanywa sawa kwa sawa kati ya timu 32 ili kila moja iligawe kwa watumishi wake. Kwa hiyo timu ambayo imeajiri kwa dola milioni 240 ilhali kikomo ni milioni 280 haijaweka akiba kama mkulima awekavyo mahindi yake. Imelishika fungu la watu wengine bila ya kuligawa. Na hapa pana jambo ambalo lazima lifahamike barabara: ile milioni 40 iliyobaki si fedha iliyokaa katika sanduku fulani ikisubiri. Fedha yenyewe imebaki katika hesabu ya mwenye timu. Kilichobaki chini ya kikomo ni ruhusa tu, na tangu mapatano ya mwaka 2011 ruhusa hiyo huweza kupelekwa msimu unaofuata, dola kwa dola, kwa taarifa ya maandishi tu. Zamani, mwaka ulipokwisha nafasi ilikwisha nayo, isipokuwa kwa wale mameneja waliojua hila za kuandika katika mkataba marupurupu yasiyoweza kutimia ili kuivusha. Sheria mpya iliiondoa hila hiyo ikafungua mlango wazi, na tangu hapo kila meneja mkuu wa timu, mwaka baada ya mwaka, hukabiliwa na swali la wafasiri: hiki kilichozidi nikifanyeje?

Jibu la kwanza, na ndilo linalosifiwa zaidi na wataalamu wa hesabu, ni kuweka. Wala silidharau jibu hilo, kwa maana linao utetezi wa kale na wa heshima. Nabii Yusuf alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakumshauri ale chote cha miaka ya neema. Alimshauri aache nafaka katika masuke yake, ila kidogo cha kuliwa, ili miaka saba ya ukame isiwamalize watu. Na ukame huja hata katika michezo. Maradhi ya korona yalipofunga milango ya viwanja, kikomo ambacho mwaka 2020 kilikuwa dola milioni 198.2 kilianguka mwaka 2021 hadi milioni 182.5, na timu zilizokuwa zimetumia kila senti pamoja na senti za miaka ijayo zililazimika kuwafukuza watu wazima waliozitumikia vyema, ilhali zile zilizopeleka mbele baki lao zilipata mahali pa kupumulia. Asemaye kwamba kuweka ni ubakhili siku zote hajausoma mwaka huo.

Lakini tuitazame tena hadithi ya Yusuf, maana ndani yake mna sharti ambalo wanaoitumia kutetea akiba aghalabu hulipita. Nafaka ile iliwekwa kwa ajili ya nani? Iliwekwa kwa ajili ya watu wale wale waliokuwa wakilima, waliokuwa wakiishi, ambao baada ya miaka saba wangekuwapo wakiwa na njaa. Aliyepunguziwa chakula leo ndiye atakayelishwa kesho. Akiba ni haki pale ambapo anayenyimwa na atakayepewa ni mtu mmoja, au angalau ni watu wa nyumba moja. Bali pale ambapo anayenyimwa ni huyu na atakayepewa ni yule, mmoja ameshakwenda zake na mwingine hajafika bado, jina la akiba halitoshi kuifunika dhuluma iliyomo. Timu huishi dahari. Green Bay imekuwapo tangu mwaka 1919. Mchezaji je? Chama cha wachezaji husema kwamba wastani wa umri wa kucheza ni miaka 3 na kitu. Wenye ligi huhesabu kwa njia nyingine wakapata mirefu zaidi, lakini hata kwa hesabu yao mtu huyo amekwisha kabla ya umri ambao mwalimu au fundi huanza kuheshimiwa katika kazi yake. Wahenga wetu walisema akiba haiozi, nao walisema kweli kuhusu akiba. Goti la mtu na bega lake si akiba, navyo huoza kila Jumapili.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili naupata Cleveland. Mwaka 2017 timu ya mji huo ilikuwa na nafasi ya zaidi ya dola milioni 100 chini ya kikomo, na katika mwezi wa Machi ikafanya biashara ambayo hapo awali haikuwa kawaida katika mchezo huo: ilikubali kuubeba mkataba wa mrusha mpira Brock Osweiler, aliyekuwa mzigo kwa Houston, pamoja na dola milioni 16 alizohakikishiwa kulipwa, ili ipewe haki ya Houston ya kuchagua kijana katika duru ya pili ya uteuzi wa mwaka 2018. Osweiler hakutakiwa kucheza. Kabla ya msimu kuanza aliachwa aende, fedha zake mkononi, wala sina neno kwa upande wake. Haki ile ya uteuzi ilikuja kuzaa Nick Chubb, mkimbiaji hodari aliyeitumikia Cleveland kwa miaka mingi, na msimu wa mwaka 2020 timu hiyo hatimaye ikaingia mchujo na kushinda mechi yake, jambo ambalo mji ule ulikuwa umelisubiri tangu msimu wa 1994. Kwa mizani ya hesabu, basi, ziada ile ilitumiwa kwa hekima, na mameneja wengi wameisoma kama somo.

Ila msimu wa 2016 timu hiyo ilishinda mechi 1 kati ya 16, na msimu wa 2017 haikushinda hata moja. Na aliyesimama upande wa kushoto wa safu ya mbele katika misimu hiyo alikuwa Joe Thomas, aliyeteuliwa mwaka 2007 na ambaye kutoka siku yake ya kwanza hakukosa hata chezo moja, akafikisha machezo 10,363 mfululizo, mpaka Oktoba 2017 msuli wa mkono wake ulipokatika. Machi 2018 alistaafu. Mwaka 2023 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, na katika umri wake wote wa kucheza hakupata kukanyaga uwanja wa mechi hata moja ya mchujo. Thomas hakuwa maskini. Alilipwa vizuri, na timu ile haikumvunjia mkataba. Alichonyimwa ni kitu kisicholipika. Kazi yake ilikuwa na msimu wake, na misimu yake ya mwisho ilitumiwa na watu wengine kama shamba lililoachwa lilale ili mavuno yapatikane baadaye, naye hakuambiwa kwamba yeye ndiye udongo. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na kila nilifikiripo naona kwamba wale waliouita mpango ule subira walikuwa wakisubiri kwa umri wa mtu mwingine.

Yuko atakayenijibu kwamba hesabu yangu ina ghalati, kwa kuwa ruhusa iliyopelekwa mbele mwishowe hulipwa wachezaji vile vile, na hivyo wachezaji wakitazamwa kwa jumla hawapotezi kitu. Kwamba kijana wa mwaka 2020 naye ni mchezaji, mwenye mama na baba, na haki yake si ndogo kuliko ya mzee wa mwaka 2017. Hoja hii ni nzito na sitaki kuipita mbio. Ni kweli kwamba wasiofika bado wana haki. Wazazi wote hulijua hilo, na umma usiowawekea wajao ni umma wa walafi. Walakini, hakuna ajali impatayo mchezaji kwa jumla. Kundi halivunjiki mfupa; anayevunjika ni mtu, na siku anapovunjika mikataba mingi ya mchezo ule huruhusu aachwe, kwa sababu mkataba wa miaka 4 wa huko, isipokuwa sehemu iliyotajwa kwamba ni ya hakika, waweza kukatwa baada ya mmoja. Anayesema kwamba kundi limepata haki yake humpa faraja mwenye kushika kitabu cha hesabu, bali mtu aliyekwisha kutoka kupitia mlango wa nyuma akiwa na mkongojo hawezi kwenda kwa kundi akadai fungu lake.

Je, basi, itumiwe yote, na upesi? Hapana, na wala sisemi hivyo. Aristotle aliuweka ukarimu kati ya ubadhirifu na ubakhili, na katika mchezo huu ubadhirifu una namna yake ya pekee ya kuwadhuru wanyonge. Timu ya Denver mwaka 2022 ilimpa mrusha mpira Russell Wilson nyongeza ya mkataba ya miaka 5 ya dola milioni 245 kabla hajaichezea mechi hata moja, na Machi 2024 ikamwacha, ikabaki na mzigo wa dola milioni 85 za kuhesabiwa katika miaka miwili kwa mtu asiyekuwapo tena, kile ambacho wenyewe wanakiita fedha mfu. Ni insafu kusema kwamba msimu wa 2024 Denver ilifika mchujo pamoja na mzigo huo, kwa hiyo si kweli kwamba kosa la namna hiyo huua timu. Lakini nafasi inayoliwa na fedha mfu hupunguziwa mtu fulani, na mara nyingi si nyota. Ni yule wa kati, mwenye miaka 6 au 7 kazini, ambaye ujira wake umepanda kiasi cha kuonekana na sifa yake haijapanda kiasi cha kumlinda. Ziada iliyotupwa kwa mgeni mashuhuri ili magazeti yaandike, nayo ni haki ya aliyemo iliyopewa asiyekuwamo, sawasawa na ile iliyofukiwa.

Kwa maoni yangu mwenye haki ya kwanza juu ya kilichobaki ni yule ambaye mwili wake umetumika katika mwaka ule kilipobaki. Na njia za kumpa zipo, tena mameneja wanazijua. Desemba, msimu ukielekea ukingoni, timu yenye nafasi inaweza kumwita mchezaji wake ambaye mkataba wake bado una mwaka, ikampa mkataba mpya kabla hajafika sokoni na kabla goti lake halijampa habari mbaya. Fedha za usajili huhesabiwa kidogo kidogo kwa muda usiozidi miaka 5, na fungu la kwanza huangukia mwaka huu wenye ziada. Au hufanya kama San Francisco ilivyofanya Februari 2018 kwa Jimmy Garoppolo, aliyekuwa amekwisha kuwachezea mwisho wa msimu uliotangulia: katika mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 137.5, mzigo mkubwa wa kama milioni 37 uliwekwa mwaka wa kwanza, kwa sababu nafasi ilikuwapo, na miaka iliyofuata ikawa myepesi. Septemba ya mwaka huo huo kano ya goti lake ilikatika. Kama timu ingeahirisha fungu lake hadi baadaye, baadaye hiyo ingemkuta yuko machela.

Na kuna matumizi mengine ambayo hayana hesabu ya faida, nami nayapenda zaidi. Tarehe 2 Januari 2023, mjini Cincinnati, moyo wa Damar Hamlin wa Buffalo ulisimama mbele ya maelfu ya watu, akafufuliwa pale pale nyasini. Alikuwa kijana wa mwaka wa pili, aliyeteuliwa katika duru ya sita, na mkataba wake, kama ilivyo mikataba mingi ya vijana wa daraja hilo, ulisema kwamba akiingizwa katika orodha ya majeruhi ujira wake ungepungua. Timu ikapatana na ligi na chama cha wachezaji kwamba alipwe kamili. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno kwa timu ya mamia ya milioni. Hata hivyo nauliza: ni vijana wangapi wenye mikataba ya namna hiyo ambao misuli yao hukatika mbele ya watu wachache, katika mazoezi ya Jumatano, na ujira wao hukatwa kwa sababu maneno ya mkataba yamesema hivyo, ilhali timu yao inapeleka mbele makumi ya milioni?

Isidhaniwe kwamba lawama yote ni ya tamaa ya matajiri. Green Bay haina tajiri. Tangu mwaka 1923 ni shirika lisilogawa faida, mali ya wenyeji na wanahisa zaidi ya nusu milioni ambao hawapati hata senti, na bado meneja wake hukabiliwa na uamuzi ule ule kila mwaka, kwa sababu kishawishi cha kuupendelea muda mrefu wa timu juu ya muda mfupi wa mtu hakihitaji uchu wa fedha. Hutosha kuipenda timu. Reggie White, aliyewapa wenyeji wa mji huo ubingwa Januari 1997, alifariki dunia Desemba 2004 akiwa na miaka 43, na timu ingali inacheza.

Sheria ya ligi yenyewe imekwisha kuliona jambo hili kwa jicho moja. Imeandikwa kwamba kila timu itumie fedha taslimu zisizopungua asilimia 90 ya kikomo kwa hesabu ya kipindi cha miaka 3, na ikipungukiwa, pungufu hilo hulipwa wachezaji waliokuwa katika orodha yake ndani ya kipindi hicho, si waliokuja baadaye. Kanuni hiyo inakiri kwamba kilichobaki kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ni yule aliyekuwapo. Upungufu wake ni kwamba huanza kusema chini ya asilimia 90 tu, na juu ya hapo hunyamaza.

Mapatano ya sasa yatafika mwisho baada ya msimu wa 2030, na pande mbili zitakaa tena mezani. Laiti ningekuwa na sauti kwa chama cha wachezaji, ningewashauri wasidai kwamba kupeleka mbele kukatazwe, kwa kuwa mwaka kama 2021 unaweza kurudi. Ningewashauri wadai kwamba nafasi inayopelekwa iwe na muda, isipite misimu miwili, na kwamba juu ya kila kiasi kinachopelekwa mwenye timu atoe fungu moja katika arobaini, kipimo kile kile cha mali iliyotimiza mwaka bila ya kutumika, liwaendee watu wa msimu ule kilipobaki, waliomo na waliokwisha kuachwa. Kwa timu inayopeleka mbele dola milioni 40 fungu hilo ni milioni 1, na likigawanywa sawa kwa wachezaji 53 wa orodha na 16 wa kikosi cha mazoezi kila mmoja hupata zaidi ya dola 14,000. Kwa nyota si kitu, na wenye timu bila shaka watasema kwamba jambo dogo hivyo halistahili kusumbua mkutano; lakini kwa kijana wa kikosi cha mazoezi, ambaye mwaka 2024 kima cha chini cha ujira wake kilikuwa dola 12,500 kwa wiki na ambaye huweza kuachwa Jumanne yoyote, ni zaidi ya wiki nzima ya kazi, nayo humfikia baada ya timu kumsahau.